Mnyonya Damu Analipwa na Nani? Mchezo wa Castlevania na Historia ya Mashariki mwa Uganda

Utangulizi

Insha hii inahusu wanyonya damu wa aina mbili. Wa kwanza anaishi katika Castlevania, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Konami ya Japani, ambao sehemu zake nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mashine ndogo za kushika mkononi. Wa pili ni mzimamoto, yule ambaye wakati wa ukoloni watu wa Uganda, Kenya na Tanganyika walisimulia kwamba hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Huyo wa kwanza nimekutana naye kwenye simu yangu, ndani ya taksi kati ya Jinja, nilikokulia, na Mbale, ninakosoma. Huyo wa pili nimekutana naye katika vitabu vya historia na katika maneno ya wazee.

Hoja yangu ni moja. Mnyonya damu wa Castlevania ni mwenye kasri, na mnyonya damu wa Afrika Mashariki ni mwajiriwa. Kila mmoja ametoka katika historia yake, na tukizilinganisha historia hizo mbili tutajifunza jambo kuhusu kazi, mshahara, na pia kuhusu lugha tunayoisomea shahada.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza, Castlevania ni mchezo wa kutazamwa kwa upande. Mhusika hutembea, huruka na kupigana, na mandhari husogea pamoja naye kulia au kushoto kama kitambaa kinachokunjuliwa. Hadithi yake ni ya mtindo wa kigothiki, yaani ule mtindo wa Ulaya wa makasri mabovu, makaburi, mwezi mkubwa na siri za ukoo, ambao wahakiki wengi huuanzisha na riwaya ya Horace Walpole ya mwaka 1764. Kila baada ya muda Dracula hufufuka, kasri lake huinuka naye, na mtu mmoja huingia humo peke yake kumwondoa.

Mchezo wa kwanza ulitoka Japani mwaka 1986, ukachezwa kwenye mashine ya Nintendo iliyounganishwa na televisheni. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ya mkononi iliyotumia betri nne ndogo, na mwaka huohuo Konami ikatoa Castlevania ya mashine hiyo. Ilikuwa nzito na ya taratibu, na wachezaji wengi hawakuipenda. Ya pili, ya mwaka 1991, ilikuwa bora zaidi. Kisha mwaka 1997 mchezo wa Symphony of the Night, uliotolewa kwa PlayStation, ulibadilisha umbo la mfululizo mzima. Badala ya kupita hatua kwa hatua hadi mwisho, mchezaji alipewa kasri zima kama ramani moja kubwa, aruhusiwe kuzunguka, kurudi nyuma, na kufungua milango iliyokuwa imemshinda hapo awali.

Umbo hilo jipya ndilo lililohamia kwenye mashine za mkononi. Kati ya mwaka 2001 na 2003 zilitoka sehemu tatu za Game Boy Advance, na kati ya 2005 na 2008 zikatoka tatu nyingine za Nintendo DS. Ile ya kwanza ya mwaka 2001, Circle of the Moon, ilikuwa na tatizo ambalo wachezaji wa wakati huo wanalikumbuka vizuri. Kioo cha Game Boy Advance hakikuwa na taa ndani yake, na picha za mchezo zilikuwa nyeusi mno, kwa hiyo mtu aliyetaka kumwinda Dracula alilazimika kukaa juani au chini ya taa ili aone anachokifanya. Mchezo wa mwaka uliofuata, Harmony of Dissonance, ulipakwa rangi kali kuliko kawaida kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2003 Nintendo ikatoa mashine yenye taa, na mwaka huo Konami ikatoa Aria of Sorrow, ambao nitaurudia mbele.

Mashine hizo zenyewe sijawahi kuzishika. Vijana wengi wa rika langu Jinja na Mbale tuliijua michezo hii ilipokuwa imeshazeeka, kupitia programu za simu zinazoigiza mashine za zamani. Mchezo uliobuniwa kwa kioo kidogo na betri chache unafaa sana kwa simu ya bei nafuu na kwa mahali ambapo umeme hukatika. Jambo hilo lina kejeli yake. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liko Jinja kwetu, na bado tumejifunza kuchaji simu mapema kabla giza halijaingia.

Bwana asiye na watumishi

Dracula wa Konami ni mjukuu wa Dracula wa Bram Stoker, mwandishi wa Ireland aliyechapisha riwaya yake London mwaka 1897. Wengi tunamjua kupitia filamu, na filamu zimetusahaulisha jambo moja lililomo katika kitabu. Mgeni anapofika katika kasri la Dracula anagundua taratibu kwamba hakuna watumishi. Bwana mwenyewe ndiye anayeandaa meza na kutandika kitanda. Ana ardhi, ana cheo cha zamani, ana rundo la dhahabu, lakini hana mtu anayemlipa mshahara. Anachukua damu kwa ajili yake mwenyewe, kwa meno yake mwenyewe.

Mchezo umeihifadhi sifa hiyo na kuizidisha. Kasri la Castlevania limejaa mifupa inayotembea, popo, mashetani na Kifo mwenyewe akiwa msaidizi mkuu, lakini hakuna hata mmoja wao anayeonekana kuwa kazini. Wapo tu, kama unyevu ulivyo ukutani. Fedha zipo, tena nyingi. Katika Aria of Sorrow mchezaji huzipata kwa kuvunja mishumaa, na nje ya kasri yuko mwanajeshi wa zamani aliyefungua duka. Kwa hiyo mwindaji ananunua na kuuza. Mnyonya damu hanunui, hauzi, haajiri wala haajiriwi. Uovu wake ni wa kurithi, na unakaa mahali pamoja penye ukuta na lango. Ukilivunja kasri, umeumaliza, angalau mpaka mchezo unaofuata.

Huo ni woga wa watu waliotawaliwa kwa karne nyingi na makabaila wenye ngome. Je, woga wa watu wa Busoga na Bugisu ulikuwa na umbo gani?

Swali la babu

Babu yangu wa Mbale alifanya kazi ya reli, na Kiswahili chake alikipatia huko. Siku moja aliniona nikicheza akauliza yule mtu kwenye simu anapigana na nani.

"Na mnyonya damu, babu. Ni bwana mkubwa, ana kasri lake."

Akatazama kidogo. "Analipwa na nani?"

Nikamwambia halipwi na mtu, ni tajiri.

"Kama ni tajiri," akasema, "damu ya watu ya nini?"

Wakati ule nilicheka. Baadaye, niliposoma kazi ya mwanahistoria wa Marekani Luise White, niliona kwamba swali la babu lilikuwa swali la kizazi chake chote. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, White alikusanya masimulizi kutoka Uganda, Kenya na kwingineko. Waliosimuliwa humo hawana meno marefu wala makasri. Wana magari, sindano, mipira na ndoo. Wanavaa sare. Wanafanya kazi usiku kwa zamu, wana wakubwa wao, na damu wanayoichukua hawainywi. Wanaipeleka kwa mtu mwingine. Nchini Kenya na Tanganyika waliitwa wazimamoto, na pwani lilitumika pia neno mumiani. Uganda waliitwa bazimamoto.

White hakujishughulisha kuthibitisha kama wazimamoto walikuwa wakinyonya damu kweli. Alidai kwamba masimulizi hayo ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine, kwa sababu watu walieleza kwa uangalifu mkubwa jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Walieleza nani aliajiriwa, alifundishwa nini, alikatazwa kumwambia nani. Hizo ni habari za ajira. Kwa watu ambao kazi ya mshahara ilikuwa kitu kigeni, chenye saa zake, siri zake na utii wake wa ajabu, mwajiriwa ndiye aliyekuwa kiumbe wa kuogofya. Jirani unayemjua anavaa sare, na kuanzia siku hiyo hujui tena anachokifanya usiku.

Ngome, sindano na mshahara

Historia ya huku kwetu inatupa sababu za kulielewa jambo hilo. Nitataja tatu.

Kwanza, sisi pia tulikuwa na ngome. Mwaka uleule wa 1897 ambao Stoker alichapisha riwaya yake, ngome ya Luba, kandokando ya ziwa katika Busoga, ilikuwa uwanja wa vita. Askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia Uingereza waliasi, wakaishika ngome hiyo, wakamuua Meja Thruston na Wazungu wawili wengine, na wakazingirwa humo kuanzia Oktoba hadi Januari 1898. Mtu akitafuta kasri la kigothiki katika historia ya Busoga, hilo hapo: ngome, mateka, mauaji, ziwa mbele yake. Lakini ukiuliza waliasi kwa nini, jibu linakutoa katika hadithi ya Dracula na kukuingiza katika hadithi ya babu. Walilalamikia safari zisizokwisha, kutenganishwa na familia zao, na mshahara mdogo uliochelewa. Ndani ya ngome ile hapakuwa na bwana wa kale. Walikuwamo wafanyakazi wenye madai.

Semei Kakungulu anatupa mfano mwingine wa jambo hilohilo. Kuanzia mwaka 1899 jemadari huyo wa Kiganda aliiteka sehemu kubwa ya mashariki akijenga ngome njiani, na mji wa Mbale ulikua kutokana na makazi yake na wafuasi wake chini ya mlima. Mwanahistoria Michael Twaddle, aliyeandika maisha yake, anaonyesha jinsi Kakungulu alivyotumaini kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza hawakumpa ufalme. Mwaka 1906 walimhamishia Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, kazi aliyoifanya hadi 1913, kisha akarudi Mbale. Mtu aliyetaka kuwa mwenye kasri aliishia kuwa mtumishi wa serikali anayeweza kuhamishwa kwa barua. Hapo ndipo wazee wetu walipoona kwamba hata mkubwa ana mkubwa wake.

Pili, damu ilichukuliwa kweli. Kuanzia mwaka 1900 hivi ugonjwa wa malale uliteketeza pwani ya Busoga na visiwa vya ziwa. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika muda wa miaka 20. Madaktari walikuja, na njia yao ya kuutambua ugonjwa ilikuwa sindano. Walitoa damu, walitoa maji kwenye tezi za shingo, walitoa maji kwenye uti wa mgongo. Katika visiwa vya Ssese daktari maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, alitibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao walipofuka. Katika miaka hiyohiyo serikali iliwahamisha watu kutoka kandokando ya ziwa, na vijiji vikageuka pori.

Sidai kwamba madaktari hao walikuwa na nia mbaya. Wengi walikuwa wakitafuta tiba, na walijua kitu ambacho wagonjwa wao hawakukijua, kwamba ugonjwa unaletwa na mbung'o. Ninachodai ni kwamba mtu wa Busoga aliyeona mgeni akifika na wasaidizi wenye sare, akichoma watu shingoni, akiondoka na chupa, kisha kijiji kizima kikaamriwa kuhama, hakuhitaji kubuni mnyonya damu. Alihitaji jina tu la kumwita. Hata hadithi za bazimamoto zilizosimuliwa miaka ya baadaye zilibaki na sindano na chombo cha kubebea.

Tatu ni kazi yenyewe. Kuanzia mwaka 1909 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya utaratibu ulioitwa kasanvu, wanaume walilazimishwa kuifanyia serikali kazi kwa ujira mdogo. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na barabara na majengo ya serikali yalihitaji mikono. Mtu alichukuliwa kwake, akarudi amekonda. Ukisema "wamemnyonya damu", utakuwa umesema uongo kiasi gani?

Mjeledi uko mkononi mwa nani?

Katika Castlevania silaha ya ukoo wa Belmont ni mjeledi. Hurithiwa kutoka kwa baba hadi mwana, na jina lake lenyewe lina maana ya muuaji wa wanyonya damu. Mjeledi ni alama ya wema katika mchezo huo.

Kwa Kiswahili ni vigumu kuusoma mjeledi hivyo. Tunalo neno kiboko, jina la mnyama aliyejaa katika ziwa na mto wetu, na pia jina la mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake. Kiboko kiliwachapa wapagazi katika misafara, wafungwa, na wafanyakazi waliochelewa. Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika koloni la Wajerumani, hesabu ya viboko 25 iligeuka kuwa msemo. Na aliyekishika kiboko mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzao, askari au mnyapara, anayelipwa kwa mwezi. Katika mchezo mjeledi unampiga anayenyonya damu. Katika historia yetu ulishikwa na upande wa mnyonyaji.

Mmoja wa wahusika wa mfululizo huu unakaribia kuliona jambo hilo. Soma Cruz wa Aria of Sorrow ni kijana anayeingia kasrini mwaka 2035 akidhani ni mgeni tu. Ana uwezo wa kunyonya roho za mazimwi anayoyaua na kuzitumia. Baadaye anagundua kwamba Dracula aliyezaliwa upya ni yeye mwenyewe, na kazi yake kuanzia hapo ni kukataa kukikalia kiti hicho. Mjeledi katika mchezo huo ameushika mtu mwingine, tayari kumuua ikibidi. Nadhani huu ndio mchezo bora katika mfululizo wote, na sababu yangu ni hiyo. Swali lake ni lile la askari, mnyapara na mzimamoto: nikigundua kwamba nguvu niliyopewa ni ya mnyonyaji, nitafanya nini? Tofauti ni kwamba Soma hakuwa na kodi ya kulipa. Mzimamoto alikuwa nayo.

Kuna atakayesema kwamba mchezo ni mchezo, na historia isihangaike nao. Lakini watengenezaji wenyewe walijua kwamba woga una tarehe. Portrait of Ruin ya mwaka 2006 imewekwa mwaka 1944, na kasri linainuka kwa sababu ya roho za waliokufa vitani. Mwaka huohuo wa 1944 askari wa King's African Rifles, Waganda wakiwamo, walikuwa wakipigana Burma kwa mshahara wa koloni. Kasri la mchezo huo halina nafasi yao. Si kosa la Konami. Ni kazi yetu.

Hitimisho

Nimeacha hoja moja mwisho kwa sababu inatuhusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wengine. Neno bazimamoto lina kiambishi cha Kiganda, lakini mwili wake ni wa Kiswahili: kuzima moto. Waganda wana maneno yao ya kuzima na ya moto, na wana viumbe wao wa usiku wa tangu zamani, kama wale basezi wanaosemekana kucheza usiku na kula maiti. Walipotaka kumtaja mnyonya damu huyu mpya walichukua neno kutoka lugha ya askari, boma na kazi. Mnyonya damu alikuja na jina lake la kazini.

Hilo linaeleza kwa sehemu kwa nini Kiswahili kimekuwa na safari ngumu Uganda. Kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini bado wapo wanaokisikia kama lugha ya mtu mwenye sare anayebisha hodi usiku. Tunazoea kuwajibu kwa kusifu umoja wa Afrika Mashariki. Ninaona jibu hilo halitoshi. Woga wao una historia, na historia hiyo imehifadhiwa ndani ya maneno: bazimamoto, kiboko, boma.

Wazee waliosikia habari za bazimamoto zikisimuliwa kama habari za jana wanazidi kupungua Jinja na Mbale. Wanahistoria wanaweza kusoma ripoti za madaktari wa malale bila msaada wetu, kwa kuwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Maneno ambayo watu walioishi chini ya sindano zile walijielezea dunia yao yanamhitaji mtu anayejua Kiswahili kiliingiaje katika Lusoga, Lumasaba na Luganda, na kiliingia na nani. Mtu huyo ni mwanafunzi wa idara kama yetu, na swali la kuanzia tayari analo: analipwa na nani?